Kaye ya Mubambiro



Mara nyingi katika ukurasa huu ninawaandikia juu ya mambo ya masomo: mtoto anayechelewa kusoma, au namna mama anavyoweza kusaidia kazi za nyumbani hata kama yeye mwenyewe hakumaliza darasa la sita. Juma hili niruhusuni niwaandikie juu ya safari. Si safari ya ndege wala ya mashua. Ni kilomita ishirini na kitu tu, kutoka Majengo hapa Goma mpaka Mubambiro, mbele kidogo ya kufika Sake. Lakini mimi ilinichukua mwaka mmoja na miezi mitano kuirudia njia hiyo.

Tulitoka siku ya posho, juma moja nyuma ya proklamasyo, mwezi wa saba 2025. Tulikuwa watatu: mama yangu, ambaye watoto wanamwita koko, binti yangu wa miaka tisa, na mimi. Koko alibeba redio yake ndogo ndani ya kitenge kama mtu anayebeba mtoto. Binti alibeba maandazi. Mimi shingoni nilikuwa na kamba, na kwenye kamba ufunguo mdogo wa kufuli. Wamama walio katika vikundi vya akiba wanaufahamu ufunguo wa namna hiyo. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama mwingine, ili hata mmoja wetu asiweze kulifungua peke yake. Mimi ni mmoja wa wale watatu wa kikundi chetu cha Mubambiro. Tangu tukimbie, mwezi wa pili 2024, nililala na ufunguo ule na nikaamka nao.

Ndani ya bisi tulibanana kama sambaza kwenye kikapu. Dereva aliweka muziki, Bongo Fleva, na binti yangu akaanza kuimba maneno yote bila kukosa hata moja. Huyu ni mtoto ambaye nikimwambia akariri tebo ya saba anasahau. Koko akasikiliza kidogo, akauliza: "Na huyu kijana analia nini?" Abiria wakacheka. Koko kwake mwanamuziki ni Mbilia Bel, wa siku zile za Tabu Ley na Afrisa, na kila mara anatukumbusha kwamba mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa dunia. Alilisikia jambo hilo kwenye Radio Okapi na hajalisahau. "Hiyo yenu," akamwambia mjukuu, "nani ataiandika?" Mtoto akajibu: "Koko, hii iko ndani ya simu, haiwezi kupotea." Mabishano yakaendelea mpaka Mugunga. Nilifurahi, sababu nilikuwa naogopa ukimya wa njia ile.

Ninyi mnaijua barabara hii. Ukipita Mugunga unaona makoro pande zote mbili, meusi, makali, na juu yake nyumba za mbao. Mugunga hii ilijaa wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kiisha ikajaa wakimbizi wetu wenyewe, si mara moja. Kule Bulengo na Lushagala, ambako mwaka 2024 ungeona shitingi nyeupe mpaka macho yachoke, leo pamebaki wazi. Kambi zilibomolewa mwezi wa pili 2025, watu wakaambiwa warudi kwao. Kuna sehemu bado unaona mistari ya mawe ambayo kila familia iliipanga kuzunguka hema lake, kama mtu aliyechora kiwanja. Mama mmoja ndani ya bisi alinyoosha kidole dirishani, akasema: "Nilizalia pale." Hakuna aliyejibu. Dereva akapunguza muziki.

Kama mwalimu siwezi kupita hapo bila kusema neno juu ya mazuku, na ninaliandika kwa ajili ya wamama wageni wa upande huu. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi yetu ya volkano. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inakusanyika katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto ni mfupi kuliko sisi, na pale mtu mzima anapobaki salama kichwa kikiwa juu, yeye anaweza kuanguka. Ukiona wadudu na ndege wamekufa ndani ya shimo, hapo si mahali pa kuchezea wala pa kujificha. Na mtu akianguka humo, usishuke mbio kumtoa bila msaada, sababu mtakuwa wawili.

Mbele ya hapo makoro yanabadilika. Ni yale ya Nyamulagira, mlima uliofunguka mwaka 1938 ukaendelea kumwaga moto mpaka 1940, na moto ule ukateremka mpaka ziwani upande wa Sake. Baba yake koko aliuona. Alikuwa akisema kwamba ziwa lilichemka na samaki wakaelea wakiwa wameiva. Leo, miaka zaidi ya themanini imepita, na juu ya makoro yale kumeota majani madogo ya kijivu na vichaka. Wamama wa Mubambiro wanajua kutafuta kati ya mawe mahali penye udongo wa kutosha shina moja la maharagi. Mtu wa mbali atasema hapa hakuna shamba. Koko anasema shamba lipo, ila limegawanyika vipande vipande.

Tulishuka Mubambiro saa nne ya asubuhi. Vumbi la kiangazi lilikuwa mpaka kwenye kope. Vijana wa chukudu walikuwa wanateremka kutoka Sake na mizigo ya birayi na makala, goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, mguu mwingine ukisukuma. Kwa ajili yao nilijua kwamba barabara inaishi. Sake ni njia panda. Njia moja inapanda Masisi mpaka Walikale, nyingine inakwenda Kitshanga, nyingine inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Maziwa, jibini, maharagi na birayi vya Masisi, vyote vinavyokuja Goma kwa barabara hii vinapita mbele ya mlango wetu wa Mubambiro. Koko alilea watoto sita kwa kuuza uji kwa watu wa chukudu.

Mlango wetu lakini haukuwepo. Mabati hayakuwepo, madirisha hayakuwepo, na mbao za kuta mbili zilikuwa zimetolewa, labda kwa kupikia. Muavokado wa baba ulikuwa umekatwa. Nilijua. Jirani aliyetangulia kurudi alikuwa amenipigia simu. Lakini kujua kwa simu na kuona kwa macho si jambo moja. Binti yangu alisimama katikati ya chumba alichozaliwa, akatazama mbingu, akauliza: "Mama, hapa ndipo kwetu?" Nilitafuta jibu la mwalimu, nikalikosa.

Koko yeye hakulia. Alikaa juu ya kisiki cha muavokado, akaweka redio kwenye magoti, akahesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu vilivyopotea. Alikuwa anahesabu mbegu. "Hapa kilo mbili," akasema, "pale nyuma moja na nusu. Mwezi wa tisa mvua ikianza, wanipate nimekwisha lima." Kiisha akasema atalala hapo hapo, tumwache, tutamletea shitingi siku nyingine.

Wamama, tulibishana. Mimi na mama yangu hatubishani mara nyingi, lakini siku hiyo tulipandishiana sauti mbele ya mtoto. Nilimwambia hakuna paa. Akasema alilala bila paa mara ngapi? Nilimwambia habari ya mabaki ya vita. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeonyeshwa, njiani kuelekea shambani, kijiti chenye kitambaa chekundu ambacho majirani walikisimika ili watu wasipite. Kitu cha chuma kilichobaki kinaweza kuua miezi na miaka kisha bunduki kunyamaza, na mkulima ndiye wa kwanza kukikuta kwa jembe lake. Alinyamaza kidogo. "Basi mwezi wa nane," akasema. "Lakini usinifiche tena kwamba ni mwezi wa nane halafu uniambie ni wa kumi." Nilikubali. Watoto nao niliwaambia mara tatu, na ninawaomba ninyi muwaambie wenu. Kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikipeleke nyumbani kwa kuuza kilo. Simama, rudi kwa nyayo zako ulizokujia, uite mtu mzima.

Saa sita tulikwenda kwenye mkutano.

Kikundi chetu kilianza kama mchezo tu. Tulikuwa wamama wachache tunaofuma kroshe kwenye barza ya nyumba ya mwenzetu, vitambaa vya viti na kofia za watoto wachanga, huku tukisikiliza redio. Mmoja akinunua uzi, mwingine anamkopa. Kwa kukopeshana uzi tukafika kukopeshana feza, na feza zikatupeleka kwenye kaye. Baadaye tulifundishwa utaratibu wa AVEC, ule ulioanzia kwa wamama wa Nijeri mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima: hisa kila juma, mihuri kwenye kitabu cha kila mama, mikopo, na mfuko wa pembeni wa magonjwa na misiba. Tulikuwa 22. Kuna waliozungumza Kihunde nyumbani kwao, kuna waliozungumza Kinyarwanda, na kaye tuliiandika kwa Kiswahili ili asiwepo mama anayehitaji mwingine kumsomea jina lake.

Siku tuliyokimbia, kila mmoja alibeba alichoweza. Mimi nilibeba mtoto na rejista ya darasa langu. Hata leo sijui kwa nini rejista. Mama mwenye sanduku alilibeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, kama mzigo wa makala, mpaka Bulengo. Huko alilifukia chini ya mahali anapolala. Kambi ilipobomolewa, akalibeba tena kurudi. Mabenki ya Goma yalikuwa yamefungwa tangu mwezi wa kwanza 2025, na watu wenye hesabu kubwa walikuwa wanazunguka bila kupata feza yao. Sanduku letu la bati lilikuwa limelala chini ya mkeka wa mama asiyejua kusoma.

Tulikuwa 15 siku hiyo. Tulikaa chini ya ukuta wa kanisa, upande wenye kivuli. Funguo tatu zilikuwepo: wangu, wa mama aliyekuwa amekimbilia Minova, na wa mama aliyekuwa Mugunga. Kufuli la pili lilikuwa na kutu, tukaweka mafuta ya mawese, likafunguka. Feza zilikuwa na ukungu na harufu ya udongo. Tulizihesabu mara tatu, mbele ya wote. Kulikuwa na franka 318,000, kama kaye ilivyosema. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mwenye sanduku alifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakatetemeka, na tukamwacha.

Lakini sehemu kubwa ya mali ya kikundi haikuwa ndani ya sanduku. Ilikuwa mikononi mwa wamama tisa waliokuwa wamekopa kabla ya vita. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wengine walisema madeni yote yafutwe. Mtu amepoteza mbuzi, nyumba, hata bwana, utamdai nini? Mama mmoja akasimama kupinga. Ni mama mwenye sauti nzito, na kambini alikuwa akivunja makoro kutengeneza kokoto, akalipa deni lake lote kidogo kidogo kwa kumpelekea mwenye sanduku. Alisema: "Sanduku si kapu la sadaka. Tukifuta leo, mwezi wa tisa tutanunua mbegu kwa nini? Na mimi niliyepasua mikono, nilikuwa mjinga?" Alionyesha viganja vyake. Ilikuwa vigumu kumjibu.

Tukiwa katika hayo, akaja msichana wa miaka kama kumi na saba, na mtoto mdogo akimshika sketi. Alisimama mbali. Tulipomwita alitoa kitabu chenye mihuri kutoka ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa cha mama yake. Mama huyo alikuwa mwenzetu wa kroshe tangu mwanzo. Aliugua kambini, akatuacha mwezi wa kumi 2024. Wachache tu kati yetu tulifika kwenye mazishi. Msichana alisema kwamba alisikia wamama wanafungua sanduku, na mama yake kabla ya kufa alimwambia ana deni la kikundi. Akafungua ngumi: franka 5,000. "Nimeanza na hizi," akasema. "Nyingine mtanipa muda."

Watu wakatazamana. Yule mama wa sauti nzito akaketi. Mmoja akasema, "Mwambieni aende tu, amesamehewa." Msichana akakataa kuondoka. Nadhani alielewa kusamehewa kama kufukuzwa.

Basi wakanipa mimi kaye, sababu mimi ndiye mwandishi na mwalimu. Niliandika hesabu kwa kijiti juu ya vumbi ili wote waone. Upande wa kushoto nikaandika deni: franka 85,000, pamoja na riba mpaka siku tuliyokimbia. Ni deni zito. Nikageuza ukurasa. Upande ule mwingine kulikuwa na hisa za mama yake, 62, kila moja ya franka 1,000. Feza hizo zilikuwa zake, tulikuwa hatujagawana. 85,000 kutoa 62,000, zinabaki 23,000. Wamama wakaanza kusema: afadhali, hizo tutazisamehe.

Nikaendelea kusoma mpaka mwisho wa kaye, mahali tulipoandika sheria zetu wenyewe, siku ya kwanza, na kila mmoja akaweka kidole. Sheria ya saba: mwanakikundi akifariki, familia yake inapewa franka 50,000 kutoka mfuko wa misiba. Mama huyu alikuwa amechangia mfuko huo kila juma kwa miaka. Alipofariki tulikuwa tumetawanyika, sanduku limefukiwa, hakuna aliyepeleka kitu. Nikaandika juu ya vumbi: 50,000 kutoa 23,000. Zilibaki 27,000. Ila sasa zilikuwa deni letu sisi kwake.

Kulikuwa kimya. Ninawaambia ukweli, niliona haya. Mtoto huyu alikuwa amekuja na franka zake 5,000 kulipa watu ambao ndio walikuwa wanadaiwa, na sisi tulikuwa tayari kujisifu kwa kumsamehe.

Yule mama wa sauti nzito ndiye aliyesimama. Alihesabu franka 27,000 kutoka sanduku, akazihesabu tena mkononi mwa msichana, akamrudishia na zile 5,000. Akamwambia: "Mama yako hakufa na deni. Sema hivyo kwa watu wa kwenu." Kiisha akamuuliza kama anajua kufuma. Msichana akasema anajua kofia tu, soksi hajui. "Soksi utajifunza hapa," akajibiwa, na wakamsogezea mkeka.

Kwa yale madeni manane mengine tulikata shauri hivi. Riba ilisimama siku tuliyokimbia, miezi ya vita haina riba. Deni lenyewe linabaki, ila hakuna anayelipa mpaka mavuno ya maharagi, na kila mmoja kwanza tutamsomea pande zote mbili za kaye kabla ya kumwita mdaiwa. Feza iliyobaki sandukuni itanunua mbegu kwa pamoja, kila mama apewe kwa kipimo kile kile cha gigozi. Mama wa kokoto alikubali kwa sharti moja: yeye ndiye awe mwenye ufunguo wa tatu. Nilimvua wangu shingoni kwangu nikampa, sababu mimi bado ninafundisha Goma, na ufunguo lazima ukae mahali sanduku lilipo.

Nje, binti yangu alikuwa amekwisha kupata wenzake. Wasichana walikuwa wanacheza nzango, wale wa huku na wale wa huku, wakipiga makofi, wakiruka na kutupa mguu mbele kwa wakati mmoja. Mchezo huu nilicheza mimi, na hauhitaji hata mpira. Vumbi lilipanda mpaka viunoni. Nilipomwita tuondoke alisema: "Mama, ngoja, tunadaiwa pointi mbili." Sikujua nicheke au vipi.

Jioni tulirudi Majengo kwa mama aliyetupokea. Ni lazima niwaeleze habari yake, sababu safari hii bila yeye haipo. Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilitoka. Siku ya ine, tarehe 27, serikali ikaamuru quartier kumi za Goma zihame, na Majengo ikiwemo. Mnakumbuka barabara ya Sake siku ile: magodoro, mbuzi, wazee kwenye chukudu, watoto waliopotezana na mama zao. Yeye alifika kwetu Mubambiro usiku na watoto wanne, hatujuani. Koko alimfungulia, akampa chumba cha mbele. Wakakaa mpaka mwezi wa sita, watu waliporuhusiwa kurudi mjini. Mwaka 2024 barabara ile ile ilijaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa mji, na kati yao tulikuwa sisi. Yeye ndiye aliyekuja kututafuta katikati ya watu pale Mugunga, siku mbili mfululizo, mpaka akamwona koko na redio.

Usiku ule, tukichambua sombe, nilimsimulia mambo ya kaye. Kiisha nikamwambia kile kilichokuwa kinanisumbua tangu ndani ya bisi: sisi tulilala kwake mwaka mmoja na miezi mitano, yeye alilala kwetu siku kumi na kitu tu. Hata nikiligeuza hili karatasi mara ngapi, hesabu haitoki sawa. Nilitaka tuandike kitu.

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwalimu," akasema, "hiyo ya sanduku mwandike, ni ya watu wengi, isipoandikwa mtagombana. Lakini hii yangu na koko usiifunge. Tukimalizana, atakuja kunitembelea kwa sababu gani?" Akaingia ndani, akatoka na gigozi mbili za maharagi, mbegu nzuri nyekundu, akazimwaga katika kitenge cha koko. Koko alizipokea bila kusema asante, kama mtu anayepokea kitu chake. Alizitazama, akasema: "Kilo tatu na nusu nilisema. Bado." Wote wawili wakacheka tena.

Wamama wapendwa, vikundi vyetu vingi sasa vinafungua masanduku kwa mara ya kwanza tangu vita. Mengine yatakutwa matupu, na huo ni msiba. Lakini kama kaye ilipona, someni pande zote mbili mpaka mwisho kabla ya kutamka neno deni, na zaidi kwa watoto wa wale waliotutoka. Andikeni kaye mbili, ya pili ikae nyumba nyingine. Andikeni tangu leo, mkiwa na amani vichwani, jambo gani litatendeka kwa riba na kwa mfuko wa misiba siku watu wakitawanyika. Na kama katika kikundi chenu kuna yatima ambaye mama yake alichangia, msingoje aje na ngumi imefungwa. Mwendeeni.

Koko anahesabu siku za mwezi wa nane. Shitingi tumekwisha pata. Binti anauliza kama kule Mubambiro masomo yatafunguliwa mwezi wa tisa, na kama wale wasichana wa nzango watakuwa darasa lake. Nimemwambia tutakwenda kuuliza pamoja.

Mbaki salama mpaka juma lijalo.